Paswedi inakubali, folda inakataa: kwa nini seva inasema "Access is denied" na uanzie wapi

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ndo naangalia kompyuta za ofisini kwetu, mashine kama ishirini na tano hivi na seva moja ya Windows Server 2019 yenye domeni. Wiki iliyopita umeme ulikatika ghafla, uliporudi ndo shida zikaanza. Kuna watu wanaingia kwenye kompyuta vizuri tu ila wakifungua S: wanaambiwa Access is denied. Mama wa mapokezi haingii kabisa kwenye mashine yake lakini akikaa ya jirani anaingia. Kijana mpya wa uhasibu nimemuweka kwenye grupu la Uhasibu toka asubuhi na folda bado inamkatalia. Nimebadilisha paswedi za watu wote, nimeweka Everyone Full Control kwenye sharing, wapi. Wawili nikawafanya Domain Admins ndo wakafungua. Bosi anasema tuformati seva tuanze upya. Nifanyeje?"

Pole sana ndugu yangu, hiyo wiki najua imekuwa ndefu. La kwanza kabisa: seva msiformati. Sababu nitakupa huko chini ila hilo lishike kuanzia sasa hivi hata bosi akikazana. La pili, unaona kama una tatizo moja lakini ukisoma vizuri ulichoandika mwenyewe ni matatizo matatu yaliyogongana wiki moja, mama wa mapokezi ana lake, kijana wa uhasibu ana lake, na hao wa S: (ile diski ya kushea inayotoka kwenye seva) wana lao, ila yote yanakuja kwako kama "nimekataliwa" ndo maana kila dawa unayoijaribu inamponya mmoja na kumwacha mwingine.

Tuanze na seva inavyofikiri, maana ukielewa hapa mengine yote yanakuwa mepesi. Mtu akitaka kufungua folda kuna maswali mawili na yanaulizwa sehemu mbili tofauti. Swali la kwanza ni "wewe ni nani", kama askari wa getini, unaonyesha kitambulisho anakupitisha. Swali la pili ni "unaruhusiwa kugusa hiki", huyo ni mtunza stoo, ana karatasi yake ya majina na hajali kabisa kwamba getini umepita. Paswedi ni mambo ya getini. "Access is denied" kwenye folda, mara nyingi, ni mtunza stoo anayesema nakujua wewe ni fulani lakini jina lako kwenye karatasi yangu halipo. Sasa ukibadilisha paswedi za watu wote umemhangaisha askari wa getini kwa kosa la stoo.

Na hapo kwenye paswedi nikuambie ukweli, huenda umeongeza kazi. Windows ina tabia ya kukumbuka paswedi mtu alizowahi kuseva kwa ajili ya seva fulani, zinakaa kwenye Credential Manager, ukibadilisha paswedi kule kwenye domeni (mfumo wa seva unaosimamia akaunti za watu na mashine zote za ofisi), hii ya zamani inabaki humo humo na kompyuta inaendelea kuipeleka kimyakimya kila mtu akibonyeza S:. Ikikosea mara nyingi na una sheria ya kufunga akaunti basi mtu anafungiwa bila hata kugusa kibodi. Kwahiyo kwa wale wa S:, kabla hujagusa ruhusa yoyote, kwenye mashine ya mmoja wao fungua komandi promti andika cmdkey /list uone kama jina la seva yako limo humo, kama limo lifute, halafu net use S: /delete, atoke kabisa aingie tena. Wengine wataponea hapo hapo.

Kuna kitu kingine ambacho kinawachanganya watu wengi sana. Mtu kuingia kwenye Windows na kuona desktopu yake HAIMAANISHI seva imemkubali. Kompyuta iliyo kwenye domeni inatunza kumbukumbu ya watu waliowahi kuingia, kwa kawaida 10 wa mwisho, ili hata kebo ikiwa imechomoka mtu aweze kufanya kazi. Kwahiyo anaweza akaandika paswedi, akakaribishwa vizuri, na seva haina habari naye kabisa, halafu akigusa S: ndo ukweli unatoka. Kujua ni rahisi, andika klist, ukiona tiketi (kitambulisho cha muda kinachotolewa na seva) yenye neno krbtgt ujue amezungumza na seva kweli, ukiona orodha tupu ujue aliingia kwa kumbukumbu, na hapo shida ni kebo, swichi, DNS (inayotafsiri jina la seva kuwa anwani yake) au saa, ruhusa za folda hazihusiki.

Saa, ndiyo. Hapa ndo tunafika kwa mama wa mapokezi.

Yeye akaunti yake ni nzima, ushahidi ni kwamba kwa jirani anaingia. Kwahiyo acha kugusa akaunti yake, mgonjwa ni mashine. Na kwa kuwa imeanza umeme ulipokatika mimi nahisi kwanza saa. Domeni ya Windows inatambulishana kwa kitu kinaitwa Kerberos, na Kerberos inatoa tiketi zenye muhuri wa muda ili mtu asije akaiba tiketi ya jana akaitumia leo. Sharti lake ni kwamba saa ya kompyuta na saa ya seva zisipishane zaidi ya dakika 5, hicho ndo kiwango Windows inakuja nacho. Kwenye kompyuta ya mezani saa inalindwa na kile kibetri cha duara kwenye mazabodi, CR2032, kikifa hutajua kama mashine inabaki kwenye umeme siku zote, siku umeme ukikatika ndo inarudi na tarehe ya miaka iliyopita huko.

Sasa kuna mtego ambao unawakamata mafundi wengi, soma hapa taratibu. Kerberos haiangalii saa unayoiona pale pembeni chini, inaangalia saa ya dunia, UTC, na kompyuta inaipata hiyo kwa kuchukua saa unayoiona na kuondoa tofauti ya eneo. Windows nyingi zikiinstoliwa bila kuchagua eneo zinabaki na saa za magharibi ya Marekani, UTC-8. Fundi anaona saa imekosea, anairekebisha kwa mkono mpaka isome saa nne asubuhi kama ya ukutani, anaridhika anaondoka. Lakini kompyuta inajua ni saa nne asubuhi kule Marekani, kwahiyo kwa saa ya dunia imepishana na seva yako masaa 11. Ukitazama kwa macho kila kitu kiko sawa, saa sawa, tarehe sawa, na mtu haingii! Andika tzutil /g, jibu linatakiwa liwe E. Africa Standard Time. Halafu andika w32tm /stripchart /computer:JINALASEVA /samples:3, kila mstari utaona namba inayoanza na o: hiyo ndo tofauti kwa sekunde, ikizidi 300 umeshampata mchawi wako. Rekebisha eneo kwanza, kisha saa, kisha badilisha kibetri maana usipobadilisha umeme ukikatika tena mtarudi hapa hapa.

Na usiishie kwa mama, nenda ukaangalie seva yenyewe. Kompyuta zote zinachukua saa kwake, kama na yeye kibetri chake kimelegea basi ofisi nzima inapotea pamoja. Andika w32tm /query /source pale kwenye seva, ikikujibu Local CMOS Clock maana yake haichukui saa kokote, inajiamini yenyewe. Kama una intaneti ielekeze kwenye africa.pool.ntp.org.

Kama saa ya mama iko sawa kabisa basi kinachofuata ni uhusiano wa mashine na domeni. Watu wengi hawajui kwamba kompyuta nayo ina akaunti na paswedi yake kwenye domeni, inaibadilisha yenyewe kila siku 30, na mashine ikirudishwa nyuma kwa System Restore au image (nakala kamili ya diski) ya zamani paswedi inakuwa ya zamani, seva inaikana. Hapo kwenye skrini utaona maneno "The trust relationship between this workstation and the primary domain failed". Ingia kwa akaunti ya admini ya mashine yenyewe, fungua PowerShell kama admini, andika Test-ComputerSecureChannel -Repair -Credential (Get-Credential) halafu ikikuuliza weka akaunti yenye mamlaka kwenye domeni. Mara nyingi inatosha, hamna haja ya kuitoa kwenye domeni na kuirudisha.

Kijana wa uhasibu ndo rahisi kuliko wote. Mtu akiingia, seva inamtengenezea orodha ya magrupu yake wakati huo huo, na orodha hiyo anatembea nayo mpaka atoke. Wewe umemuongeza kwenye grupu akiwa tayari ndani, kwahiyo yeye bado anatembea na orodha ya asubuhi ambayo Uhasibu haimo. Kufunga skrini na kufungua haisaidii, kulaza laptopu haisaidii, lazima asaini auti kabisa aingie upya. Akiingia andika whoami /groups uone grupu la Uhasibu limo, likiwemo na folda bado inakataa ndo sasa tunaanza kuulaumu upande wa folda. Watu wanapoteza siku nzima kubadilisha ruhusa zilizokuwa sahihi tangu mwanzo kwa sababu tu ya hili.

Haya, S: yenyewe, na hapa ndo pana kazi.

Folda ya kushea kwenye Windows ina milango miwili. Kuna tabu ya Sharing, hiyo inahusu wanaokuja kwa netiweki, na kuna tabu ya Security, hizo ni ruhusa za NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski) zilizoandikwa kwenye diski yenyewe. Mtu anayekuja kwa netiweki anapimwa na zote mbili na ile inayobana zaidi ndo inashinda. Wewe uliweka Everyone Full Control kwenye Sharing, umefungua mlango wa kwanza wazi kabisa, wa pili umebaki umefungwa, lazima isisaidie. Na wala sikulaumu, tena wapo maadmini wengi wazuri wanaoacha Sharing wazi makusudi ili ruhusa zote wazisimamie sehemu moja kwenye Security, ni njia halali, mimi ningetumia Authenticated Users (waliopita getini tu) badala ya Everyone lakini mantiki ni hiyo hiyo. Ninachokuomba kwa msisitizo ni kwamba hiyo Everyone usiihamishie kule Security. Ukiiweka pale mshahara wa kila mtu unasomwa na kila mtu, na kirusi kikimwingia mtu mmoja kinaandika juu ya mafaili ya ofisi nzima.

Swali lako la kweli ni kwa nini Security ibadilike kwa umeme kukatika tu. Inawezekana kabisa. Seva ikizimika ghafla, ikiwaka inaweza kuendesha chkdsk yenyewe kukagua diski, na ikikuta kumbukumbu ya ruhusa za faili fulani imeharibika inaitupa na kuweka ya kawaida badala yake. Nenda Event Viewer (daftari la matukio la Windows), Application, tafuta tukio namba 1001 la Wininit la siku ile, humo inaandika kila ilichofanya. Ukikuta mistari inayosema "Replacing invalid security id with default security id for file" basi umepata jibu lako lote, ruhusa zilifutwa. Usipoikuta uliza taratibu bila ukali kama kuna mtu alihamisha mafolda baada ya tukio, maana Windows ina tabia hii: folda ukiihamisha ndani ya diski ileile inabeba ruhusa zake za zamani, ukiikopi inachukua ruhusa za kule inakoenda. Mtu amekopi folda ya Masoko akaitumbukiza ndani ya Uhasibu kwa nia nzuri kabisa, kesho watu wa masoko wote wamekataliwa.

Sasa kabla hujarekebisha lolote, hifadhi kwenye faili ruhusa zilizopo hata kama ni mbovu. Andika icacls D:\Shea /save C:\ruhusa.txt /t (badala ya D:\Shea weka folda yako), inachukua muda kidogo, lakini ukiharibu una pa kurudia. Halafu chukua folda moja tu inayolalamikiwa, raiti kliki, Properties, Security, Advanced, kuna tabu inaitwa Effective Access, weka jina la mtu mmoja uone kompyuta inasema anaruhusiwa nini. Hii tabu naipenda sana kwa sababu inamaliza ubishi. Angalia pia kama kuna mstari wa Deny, yaani wa kukataza. Ruhusa za magrupu zinajumlishwa, mtu akiwa kwenye magrupu matatu anapata jumla ya yote, ila Deny iliyoandikwa moja kwa moja kwenye folda inazifuta zote, kwahiyo mtu mmoja akiliwekea Deny grupu la Wafanyakazi Wote ameifunga ofisi nzima, yeye mwenyewe akiwemo. Ushauri wangu Deny usiitumie, kama hutaki mtu aone usimpe tu.

Ukiona majina yanayoanza na S-1-5-21 na namba ndefu badala ya jina la mtu, hizo mara nyingi ni akaunti zilizokwisha kufutwa, karatasi ya mtunza stoo inatunza namba na sio jina. Na hapo hapo ndo jibu la bosi lilipo. Kila akaunti na kila grupu lina namba yake ya pekee, ukiformati seva na hamna kontrola nyingine ya domeni (seva nyingine inayotunza akaunti hizo) mtaunda domeni mpya yenye majina yaleyale lakini namba zote mpya. Mafaili mtakayorudisha na ruhusa zake za zamani yataonyesha S-1-5-21 tupu, kila kompyuta itabidi ijiungwe upya, kila mtu atapata profaili mpya na kuuliza desktopu yake iko wapi. Yaani shida ya mafolda machache mnaigeuza kuwa ya ofisi nzima. Mwambie hivyo hivyo.

Kuhusu wale wawili uliowapa Domain Admins (grupu lenye mamlaka makubwa juu ya domeni nzima), naelewa ulibanwa, ila watoe leo. Walifungua kwa sababu grupu la Administrators, ambalo Domain Admins wamo ndani yake, kwa kawaida lina Full Control kwenye mafolda ya seva, kwahiyo kufanikiwa kwao kumethibitisha tu kwamba kosa liko Security na sio kwenye paswedi wala netiweki, huo ni ushahidi mzuri na kazi yake imeisha. Ukiwaacha, kiambatanisho kibaya kikifunguliwa na mmoja wao kitakuwa na mamlaka juu ya kila mashine ya ofisi mpaka seva. Na kumbuka habari ya orodha, ukiwatoa hakikisha wamesaini auti, vinginevyo wanaendelea nayo mpaka jioni.

Ukitaka kuacha kubahatisha kabisa jifunze kusoma Event Viewer ya seva, upande wa Security. Tukio 4771 ni la aliyekataliwa getini na lina kodi ndani yake, 0x18 ni paswedi mbaya, 0x25 ni saa imepishana, 0x12 ni akaunti imefungwa au imezimwa. Tukio 4740 linakuambia akaunti iliyojifunga na jina la kompyuta iliyosababisha, hapo ndo utaikuta ile mashine yenye paswedi ya zamani. Mtu akikataliwa folda na hakuna lolote kati ya haya basi getini alipita salama, nenda moja kwa moja kwenye Security ya folda.

Kuna hali ambazo sitaki uendelee peke yako kwa kusoma tu. Ukikuta kwenye Event Viewer, upande wa System, matukio ya disk namba 7 au Ntfs namba 55, diski inaumwa, usiendeshe chkdsk tena kwa sababu diski inayokufa inaweza kufia hapo hapo, toa bakapu kwanza kwenda diski ya nje kisha ita fundi aje akae mbele ya hiyo seva. Ukikuta mafaili yamebadilika viishio vya ajabu, au kuna jina usilolijua ndani ya Domain Admins, au watu wanakataliwa usiku wakati ofisi imefungwa, chomoa kebo ya netiweki ya seva, usiizime, na ita mtu wa usalama siku hiyo hiyo. Na kama hamjawahi kuchukua bakapu hata moja, hapo pia ita mtu hata kama kila kitu kimetulia, seva moja ikiwa ndo kontrola peke yake na haina bakapu kukatika kwingine kwa umeme kunaweza kuondoka nayo. Ile pesa ya bosi ya kuformati nunueni nayo UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya seva na diski ya bakapu.

Fundi akija mpe lile faili la ruhusa.txt, mpe jina la folda moja na mtu mmoja anayekataliwa, na muda kamili aliokataliwa ili atafute kwenye Event Viewer dakika ile ile. Paswedi ya Administrator usimwandikie kwenye karatasi wala kumtumia kwa WhatsApp, iandike mwenyewe kwenye kibodi akiwa pembeni yako, na akimaliza ibadilishe kabla hajafika getini.